Jago (nyambizi)

Jago ni nyambizi ndogo ya utafiti kutoka Ujerumani. Inabeba watu wawili, rubani na mtafiti, na inaweza kuzama hadi mita 400. Ilianza kazi mwaka 1989 chini ya mwanabiolojia Hans Fricke na rubani wake Jürgen Schauer. Mwaka 2006 ilihamia taasisi ya GEOMAR mjini Kiel. Katika Bahari ya Hindi inajulikana hasa kwa filamu za silikanti (Latimeria chalumnae) wa Komori.

Silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosauri, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komori mwaka 1952. Wavuvi wa huko walikuwa wakimfahamu tangu zamani kwa jina la gombesa, lakini hawakumthamini sana kwa chakula. Alinasa kwa bahati mbaya kwenye mishipi ya ngalawa zao, hivyo wanasayansi waliona mizoga tu au samaki waliokuwa wakifa juu ya maji.

Mwaka 1987 nyambizi iliyoitangulia Jago, iliyoitwa Geo, ilimpiga filamu silikanti akiwa hai katika makazi yake, karibu na Ngazidja. Geo ilikuwa na kikomo cha mita 200, na samaki hao hushuka zaidi ya hapo. Ndiyo sababu Jago ilihitajika.

Filamu hizo zilipinga dhana ya zamani kwamba silikanti hutembea juu ya sakafu ya bahari kwa mapezi yake manene. Kumbe huogelea polepole, akipeleka mapezi kwa kupokezana, na wakati mwingine husimama kichwa chini. Mchana hupumzika kwa makundi ndani ya mapango ya lava; usiku hutoka kuwinda. Madoa meupe ya kila samaki ni tofauti, kwa hiyo watafiti waliweza kumtambua mmojammoja na kuwahesabu. Hesabu ya 1994 ilikuta wachache kuliko ya 1991 katika mapango yaleyale.

Nchini Tanzania silikanti walianza kunaswa mwaka 2003, wengi wao baadaye kwenye majarife yaliyotegwa maji ya kina huko Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa 2009. Huko walipigwa picha na watafiti wa Japani kwa chombo kisicho na mtu, kinachoongozwa kwa waya kutoka melini.