Triathloni ya Olimpiki: Milima ya Usambara inakupa miguu, maji utayapata wapi?

Mkimbiaji wa Lushoto akisikia kuna mbio za kilomita 10 hashtuki. Akiambiwa kabla ya hizo kuna kilomita 40 za baiskeli, atauliza tu barabara ikoje. Lakini akiambiwa yote hayo yanatanguliwa na mita 1,500 za kuogelea kwenye maji ya wazi, hapo mazungumzo hubadilika.

Hiyo ndiyo triathloni ya umbali wa Olimpiki. Hatua tatu, mshindani mmoja, saa moja isiyosimama. Inaanza kuhesabu king'ora kinapolia ufukweni na inaacha ukivuka mstari wa mwisho. Hata sekunde za kuvaa viatu zimo.

Kwa mtu wa ridhaa anayeishi milimani, makala haya yanaeleza mchezo wenyewe, sheria zake, na kwa nini maandalizi ya Lushoto yanapaswa kuanzia kwenye kile ambacho Lushoto haina.

Ulikotoka

Triathloni ya kwanza ya kisasa ilifanyika Septemba 25, 1974, Mission Bay, San Diego, Marekani. Walishiriki watu 46. Februari ya mwaka huohuo, Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tanzania ilikuwa na mita 1,500 zake, ila za nchi kavu.

Shirikisho la kimataifa, linaloitwa sasa World Triathlon, liliundwa mwaka 1989, na mchezo ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Paris 2024, Alex Yee wa Uingereza alishinda kwa saa 1:43:33 na Cassandre Beaugrand wa Ufaransa kwa 1:54:55. Kwa Afrika, Henri Schoeman wa Afrika Kusini aliondoka na shaba Rio mwaka 2016.

Muda huo usikutishe. Watu wa ridhaa wengi humaliza kati ya saa mbili na nusu na tatu na nusu. Tena hawashindanishwi wote kwa pamoja: matokeo hupangwa kwa jinsia na kwa umri, makundi ya miaka mitano mitano. Mwalimu wa miaka 47 anapambana na wenzake wa 45 hadi 49, si na kijana wa miaka 22.

Maji ndiyo mtihani

Mtu akichoka kwenye baiskeli anashuka. Akichoka kwenye kukimbia anatembea, na sheria inamruhusu. Akichoka katikati ya maji yenye kina, hana pa kushuka. Ndiyo maana mita 1,500 za mwanzo, ambazo ni sehemu ndogo kabisa ya safari nzima, ndizo zinazoamua kama mtu wa milimani ashiriki au asubiri mwaka ujao.

Mji wa Lushoto uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mito yake ni ya mawe na maporomoko, mizuri kutazama, lakini si ya kuogelea umbali. Mabwawa na mito ya tambarare chini ya milima yana shida nyingine. Maji yaliyotuama ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na Mto Pangani unajulikana kwa mamba. Huko si pa kujifunzia.

Kinachobaki ni bwawa la kuogelea, hata kama ni dogo la hotelini, kisha bahari. Bwawa la mita 25 linahitaji kwenda na kurudi mara 30 ili kufikisha mita 1,500. Inachosha akili, lakini hapo ndipo pumzi inajengwa.

Kosa kubwa la wakimbiaji ni kuogelea kama wanavyokimbia, yaani kwa nguvu ya miguu. Mapafu yapo na moyo upo, ila baada ya mita 100 wanahema kama wamepanda Magamba kwa mbio. Mara nyingi tatizo ni kuzuia pumzi kichwa kikiwa majini. Hewa inatakiwa itolewe taratibu puani na mdomoni wakati uso uko chini, ili ukigeuza kichwa kazi ibaki moja tu ya kuvuta. Miguu ipige kidogo, kwa sababu ina kazi ya saa mbili mbele yake.

Baada ya hapo ndipo Tanga inapoingia. Kutoka Lushoto ni kama kilomita 160 kupitia Mombo, Korogwe na Segera, na eneo la Raskazone limezoeleka kwa waogeleaji kwa miaka mingi. Bahari inafundisha mambo matatu ambayo bwawa haliwezi: kuinua macho kutafuta boya bila kupoteza mwendo, kuogelea huku mwingine anakugonga bega, na kusoma maji. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, na mtu wa bara asiyejua ratiba anaweza kujikuta anaogelea dakika kumi akiwa palepale. Uliza wavuvi kabla ya kuingia, wala usiingie peke yako hata kama unajiamini.

Siku ya mashindano, hofu ikikushika, sheria iko upande wako. Unaruhusiwa kushika boya au mtumbwi wa waokoaji na kupumzika, ilimradi usijisogeze mbele ukiwa umeshikilia. Ukiinua mkono, wanakuja. Wengi hawalijui hili, wanapambana kimyakimya, na huko ndiko kwenye hatari.

Habari njema kwa mfuko: ile suti ya mpira inayovaliwa kwenye maji baridi, ambayo ni ghali kweli, haihitajiki Pwani. Watu wa ridhaa hawaruhusiwi kuivaa kwenye umbali huu maji yakifika nyuzi joto 22 au zaidi, na Bahari ya Hindi huku kwetu huwa juu ya hapo mwaka mzima.

Barabara ya Mombo: mwalimu mkali, ila wa somo moja

Kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kilomita 33 hivi za lami, kona juu ya kona, na unapanda karibu mita 1,000. Ukiipanda yote bila kushuka kwenye baiskeli, kilomita 40 za mashindano hazitakuogopesha tena.

Lakini kuna mtego. Mlima unakupa nusu ya kazi tu. Ukipanda unajituma, ukishuka unapumzika. Njia nyingi za triathloni huwekwa mahali palipo tambarare au penye vilima vya wastani, ambako miguu haipati likizo. Unakanyaga saa nzima na zaidi kwa nguvu ileile. Mpanda milima hodari anaweza kuachwa na mtu mnene kiasi aliyezoea barabara za Tanga.

Dawa yake ni kutafuta kipande chenye mteremko mdogo, kama kati ya Soni na Lushoto, na kukirudia bila kuacha kukanyaga, hata pale baiskeli inapotaka kujiendea. Kushuka kwenye barabara kuu ya Mombo kwa ajili ya utambarare si ushauri mzuri. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam hayakusubiri.

Kushuka nako kuna adabu yake. Breki za mpira zinazobana ringi hupata moto zikishikwa mfululizo, na tairi linaweza kupasuka. Afadhali kubana kwa vipindi, kwa breki zote mbili, na kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Masika, kati ya Machi na Mei, mawe na udongo huweza kuteremka barabarani, na Juni na Julai ukungu wa asubuhi huficha malori ya mboga mpaka yawe puani. Taa na nguo ya rangi kali si mapambo.

Baiskeli yenyewe? Kwa mara ya kwanza, yoyote yenye gia na breki nzima inatosha. Baiskeli ya mtumba ya milimani, ikitolewa matairi ya vipara vikubwa na kuwekewa membamba ya lami, inabadilika kabisa. Kinachostahili kulipiwa kwanza ni helmeti nzuri na fundi anayejua kunyoosha ringi.

Sheria zinazowaangusha wageni

Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli irudi kwenye mlingoti wake. Hapa wageni wengi hupata adhabu.

Watu wa ridhaa kwa kawaida hawaruhusiwi kujibanza nyuma ya mwenzao ili akate upepo. Katika umbali wa Olimpiki nafasi inayotakiwa ni mita 10, na ukiingia humo una sekunde 20 za kumpita. Kule Olimpiki kwenyewe mabingwa wanaendesha kwa makundi, kwa hiyo ukitazama kwenye televisheni usiige.

Spika za masikioni haziruhusiwi. Kutupa takataka njiani nako ni kosa. Na pancha ni yako: huruhusiwi kuita fundi wala binamu aliyesimama pembeni na pampu. Beba tyubu na ujue kuibadilisha mwenyewe.

Miguu ya mbao

Ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, miguu hukataa. Inakuwa mizito, kama si yako. Misuli imezoea kuzunguka kwa saa nzima na sasa inaambiwa ibebe mwili wote. Hali hii hupungua baada ya kilomita moja au mbili, ila anayekutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mashindano hudhani ameumia.

Mazoezi yake ni rahisi: mara moja kwa wiki, maliza baiskeli, vaa raba, kimbia papo hapo dakika 15. Njia ya Lushoto hadi kilele cha kutazamia cha Irente, kwenda na kurudi, inazidi kidogo kilomita 10, na kule mwisho unaona tambarare ya Mazinde chini yako kabisa. Kwa hatua hii mtu wa Usambara hana cha kumwonea wivu mtu wa Pwani. Isipokuwa joto. Anayefanya mazoezi kwenye baridi ya Magamba akishindana Tanga saa nne asubuhi atapikika. Afike siku kadhaa mapema, aanze kunywa maji akiwa bado kwenye baiskeli, na asikimbie kilomita ya kwanza kwa kasi ya nyumbani.

Chakula hakihitaji maduka ya mjini. Uji au viazi saa tatu kabla, ndizi mbivu na maji yenye sukari na chumvi kidogo ukiwa kwenye baiskeli. Usijaribu kitu kipya siku hiyo, tumbo halisamehe.

Pa kuanzia

Kuna umbali mfupi ambao ni nusu kamili: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Mwenye busara huanza na huo.

Kwa wanaotazama mbali, Rwanda ndiyo iliyopiga hatua kubwa jirani. Agosti 2022, Rubavu kando ya Ziwa Kivu iliandaa Ironman 70.3, yenye kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Ni ndefu mno kwa anayeanza, lakini ziwa hilo liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Lushoto. Hewa ya kule haitamgeni mtu wa huku.

Na kwa yule ambaye maji bado yanamtisha, mashindano mengi ya ridhaa hupokea timu za watu watatu, kila mmoja hatua yake. Kijana wa Raskazone aogelee, dereva wa baiskeli wa Soni apande, mkimbiaji wa Magamba amalize. Kinachopokezanwa si kijiti bali kamba yenye kifaa cha kuhesabia muda, inayofungwa kwenye kifundo cha mguu. Mkimbiaji anasubiri eneo la kubadilishia, raba zimefungwa, na hatakiwi kuondoka mpaka ameifunga sawasawa.