Saa ya Mashine na Saa ya Waswahili

Kompyuta haihifadhi wakati kwa maneno. Mfumo wa Unix huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, na hesabu hiyo hugeuzwa kuwa maandishi pale mtu anapotaka kuisoma. Kanuni ya lugha ya C, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, iliipa kazi hiyo jina la strftime. Alama ya %A huleta jina la siku, %B jina la mwezi, na %p neno la kutenganisha nusu mbili za siku. Yote kwa lugha iliyochaguliwa. (Jumatatu, kwa alama ya %w, ni siku ya 1, mashine haijui juma letu lianzalo Jumamosi.)

Shida imo katika saa. Alama ya %I huhesabu tangu usiku wa manane, wala kubadili lugha hakuigusi. Basi saa saba usiku huandikwa 1:00, na aliyeijaza %p kwa neno “asubuhi” humpotosha msomaji kwa saa sita kamili. Nafasi mbili za %p hazitoshi alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku. Kwa maoni yetu, heri kuandika 01:00 bila neno lolote, kwa hesabu ya saa 24.