Mikate Minane, Watu Watatu

Watu wawili walikaa kula. Mmoja alikuwa na mikate mitano, mwenzake mitatu. Akapita mtu wa tatu, akakaribishwa, wakala sawa kwa sawa mpaka mikate yote minane ikaisha. Mgeni alipoinuka akawaachia dirhamu 8. Mwenye mitano akasema: tano zangu, tatu zako. Mwenye mitatu akakataa, akataka wagawane nusu kwa nusu. Katika masimulizi ya Kiislamu, kesi hii ilifika mbele ya Ali bin Abi Talib, naye akamshauri mwenye mitatu azipokee zile tatu alizopewa na mwenzake. Yule bwana akashikilia kwamba anataka haki tupu. Basi akaambiwa kuwa haki yake ni dirhamu moja.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kateni kila mkate theluthi tatu, mtapata theluthi 24, na kila mlaji alikula 8. Mwenye mikate mitano alileta theluthi 15, akala 8, zikabaki 7 zilizoingia tumboni mwa mgeni. Mwenye mitatu alileta theluthi 9, akala 8, akatoa moja. Mgeni alilipia alichokula yeye, kwa hiyo 7 kwa 1.

Sijui fumbo la sehemu lililo bora kuliko hili kwa mwanafunzi. Hapa theluthi imekuja kwa sababu bila hiyo mtu atadhulumiwa, na anayedhulumiwa si yule anayepiga kelele. Mwanafunzi akishalielewa ataliuliza swali ambalo vitabu vingi vya hisabati havimfikishi: sehemu ya nini? Mwenye mikate mitano alihesabu mikate aliyoileta, wakati kilicholipiwa ni mikate aliyoitoa.

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliandika kitabu chake Liber Abaci. Utotoni alikuwa amejifunza tarakimu za Kihindi huko Bugia, mji wa bandari wa Algeria ya leo, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa. Ndani ya kitabu hicho wamo watu wawili wenye mikate mitatu na miwili. Anakuja askari, wanakula pamoja, naye anaacha sarafu 5. Kila mmoja amekula mkate mmoja na theluthi mbili, kwa hiyo mwenye mitatu anachukua sarafu 4 na mwenye miwili 1. Mifupa ya fumbo ni ileile, nyama ndiyo iliyobadilika. Kwa Waislamu ni kisa cha hukumu, na kiini chake ni mtu aliyeukataa ukarimu wa mwenzake akaomba mizani. Kwa Leonardo ni hesabu ya wafanyabiashara, watu wanaopaswa kujua nani kaweka kiasi gani kabla faida haijagawanywa. Mimi naupenda zaidi usimulizi wa kwanza, kwa sababu unamwonyesha mtoto kwamba kuna haki na kuna wema, na kwamba hesabu inakupa ile ya kwanza tu.

Misri ya kale ilitangulia kwa mbali. Mafunjo aliyoyanunua Alexander Rhind mjini Luxor mwaka 1858, ambayo sasa yako British Museum, yalinakiliwa na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 K.K. kutoka andiko la zamani zaidi. Mafumbo sita ya mwanzo yanahusu kuwagawia mikate watu kumi: mkate 1, mikate 2, 6, 7, 8 na 9. Wamisri waliandika karibu kila sehemu kwa kiasi cha 1, isipokuwa theluthi mbili. Kwa hiyo mikate 7 kwa watu 10 kwao haikuwa 7/10. Ilikuwa 2/3 na 1/30.

Kwa tuliofunzwa kwa desimali, jibu hilo linaonekana kujisumbua bure. Shika kisu ulijaribu. Ukiamua kila mtu apate 7/10, utakata saba ya kumi kutoka kila mkate, na watu saba watapata kila mmoja bonge moja zuri. Watatu waliobaki wataunganishiwa vipande vya masalio mpaka kiasi kitimie. Sasa kata kwa njia ya Ahmose. Kila mkate utoe kipande cha theluthi mbili na kipande cha theluthi moja. Watu saba wanachukua vile vikubwa, watatu wanachukua vidogo viwiliviwili, na inabaki theluthi moja, ambayo unaikata mara kumi ili kila mtu aongezewe 1/30. Kila mtu ana theluthi mbili na kila mtu ana kijipande. Mwanahistoria Richard Gillings aliwahi kusisitiza jambo hili: mgawo wa Kimisri ulikuwa wa haki, na haki hiyo ilionekana kwa macho. Mama mwenye chapati tatu na watoto wanne hufanya vivyo hivyo bila kufundishwa. Chapati mbili anazikata nusu, ya tatu anaikata robo, na kila mtoto anapata nusu na robo. Hakuna anayelia kwamba mwenzake kapewa kipande kikubwa.

Fumbo la 65 katika mafunjo hayohayo linakwenda mbele zaidi. Mikate 100 kwa watu 10, lakini mwendesha chombo, msimamizi na bawabu wanapata maradufu. Hayo ni mafungu 13, na kila fungu ni mikate 7 na 9/13. Ahmose anaandika 7, 2/3 na 1/39. Ujira wa wafanyakazi ulilipwa kwa mikate na bia, kwa hiyo mwanafunzi wa uandishi aliyekosea hesabu hii angekuja kumpunja mtu chakula chake cha siku. Darasani ningeliweka fumbo hili mapema, na ningewaacha watoto wabishane kama bawabu anastahili fungu la pili.

Wachina waliandika kwa roho nyingine. Sura ya pili ya Jiuzhang Suanshu, kitabu ambacho mwanahisabati Liu Hui alikifafanua mwaka 263, inahusu nafaka, lakini hakuna aliyeketi kula. Kuna viwango vya kubadilishana: kwa vipimo 50 vya mtama usiokobolewa unapata 30 vya mtama uliokobolewa kikawaida. Ukileta dou moja, yaani sheng 10, unaondoka na sheng 6. Ni hesabu ya ghala, na mtoto wa sokoni kwetu ataitambua upesi. Pishi ni vibaba vinne, kisaga ni viwili, na muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafurika, si kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni. Tofauti hiyo ina somo zito kuliko kurasa nyingi za kitabu. Nusu ya kibaba cha tele na nusu ya kibaba cha mfuto ni nusu mbili zisizolingana, na huwezi kuzijumlisha mpaka mkubaliane kibaba ni kipi.

Hapo ndipo linapoanzia kosa kubwa la sehemu darasani. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu anaweka alama ya mkasi na kuanza kueleza kigawe kidogo cha shirika. Afadhali amuulize: ulikuwa na nusu chapati, ukaongezewa theluthi, sasa una 2/5, ambayo haifiki nusu. Chapati imekwenda wapi? Mtoto aliyezoea kula ataona mwenyewe kwamba ameibiwa, na baada ya hapo asili ya 6 itakuwa na maana.

Vitabu vya siku hizi vimejaa duara la pizza lililotiwa rangi robo tatu. Kasoro yake haitokani na ugeni wa pizza. Badilisha weka chapati, na kama hakuna anayeila wala anayeidai, bado ni duara lililotiwa rangi. Mholanzi Leen Streefland, katika kazi yake ya mwaka 1991, aliitumia pizza hiyohiyo kwa namna nyingine kabisa. Watoto 24 wameagiza pizza 18, na haiwezekani wote kuketi meza moja. Wapangeni, na mgahawa uzigawe pizza ili pasiwe na meza iliyopunjwa. Watoto wanaweka 12 kwa pizza 9, kisha 4 kwa pizza 3, na wanagundua wenyewe kuwa 18/24, 9/12 na 3/4 ni mgawo mmoja.

Pwani yetu tuna fumbo la aina hiyo ambalo halijapata nafasi yake kwenye hisabati ya shule. Katika zaka ya nafaka, mazao yakishafika pishi 300, yaliyomea kwa mvua hutolewa ushuri, yaani 1/10. Yaliyonyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa nusu ya hiyo, 1/20. Mkulima mwenye magunia 20 ya mpunga wa mvua anatoa mawili, na mwenye pampu anatoa moja. Muulize mwanafunzi kwa nini wa pampu amepunguziwa, atakujibu kabla hajashika kalamu. Halafu mpe shamba lililopata nusu ya maji yake kwa mvua na nusu kwa pampu. Atachukua nusu ya 1/10, ajumlishe na nusu ya 1/20, na afike 3/40, kiwango kilekile walichokitaja mafakihi waliposema robo tatu ya ushuri. Kwa magunia 20 ni gunia moja na nusu, na anaweza kumweleza mkulima kila kilo ya hilo gunia imetoka wapi.