Tumbo, Utumbo na Choo: Msamiati wa Operesheni ya Kupunguza Uzito

Neno tumbo limebebeshwa mizigo mingi mno. Mjamzito ana tumbo. Mwenye kitambi ana tumbo. Aliyekula mboga iliyolala anaumwa na tumbo, na mwenye kidonda ndani ya mfuko wa chakula analalamikia tumbo hilo hilo. Mjini Nakuru saa saba mchana watu huagiza matumbo kwa chapati, na hakuna anayehitaji ufafanuzi. Katika mazungumzo ya kila siku upana huu hauna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapoambiwa atafanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue uzito, akatia sahihi akiamini kwamba kitakachokatwa ni mafuta ya kitambi.

Mafuta hayo hayaguswi. Aina moja ya operesheni hizi, iliyoenea kuliko zote siku hizi, huondoa kiasi cha asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba. Nyingine hutenga kifuko kidogo upande wa juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo. Basi mwelezaji anahitaji maneno matatu yasiyochanganywa: tumbo kwa eneo zima, mfuko wa chakula kwa kiungo kinachopokea mlo, na utumbo kwa mfereji mrefu unaofuata. Yote matatu tunayo, na yanaeleweka kote Nakuru: Bondeni, Njoro, Molo na Gilgil. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatenga.

Si suala la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kiwango cha ugonjwa. Wanaofika kwenye kisu ni sehemu ndogo sana, kwa kuwa operesheni hizi hufanywa zaidi Nairobi, katika hospitali za kibinafsi, kwa gharama kubwa. Lakini baada ya kisu mgonjwa hurudi kwao. Akisumbuliwa na utumbo usiku, mtu wa kwanza kumsikiliza ni nesi wa kituo cha afya cha karibu au mwenye kemisti, na mazungumzo yao huwa kwa Kiswahili, hata kama karatasi alizopewa alipotoka hospitali zimeandikwa kwa Kiingereza kitupu.

Kuhusu jina la hali yenyewe, nitasema machache. Kunenepa kwetu bado ni sifa: mwili umekubali, umenawiri, ndoa imekupenda. Vyombo vya habari hutumia kiribatumbo, neno lililoundwa kwa kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Ni neno lenye nguvu, ila mimi silitaki hospitalini. Mgonjwa halazimiki kuitwa kiriba ndipo atibiwe. Unene uliokithiri unatosha. Na akiwapo mzee wa heshima, uzito uliozidi kipimo unatosha zaidi.

Majina ya operesheni zenyewe yana mtego. Ile ya kwanza, inayoacha bomba jembamba, kwa Kiingereza ilipewa jina la mkono wa shati, na anayeitafsiri kwa pupa atapata upasuaji wa mkono, jambo la kumtisha mgonjwa bure. Mimi huiita kupunguza mfuko wa chakula, basi. Ile ya pili wengine wangeiita mchepuko, kwa sababu chakula kinachepuka. Kisarufi ni sahihi kabisa. Lakini mchepuko siku hizi ni mpenzi wa nje ya ndoa, na hakuna mama atakayewaambia wakwe zake kwamba amewekewa mchepuko. Baipasi, kwa upande mwingine, kila abiria wa matatu anaijua, nayo inaeleza hasa kinachotendeka. Nashauri tuseme baipasi ya utumbo, tusiliache neno utumbo nyuma, kwa maana hapo ndipo maisha mapya ya mgonjwa yatakapoamuliwa. Tanzania nako, hospitali ya Mloganzila ilipoanza kuingiza kifuko kinachojazwa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe upesi, watu walikiita puto, na puto likakaa. Hiyo ni istilahi iliyozaliwa vizuri.

Sasa tufike kwenye choo, neno ambalo wataalamu wa istilahi hulikwepa kwa aibu. Choo ni jengo, na ni kile kinachoachwa humo. Ni neno la adabu: nesi kijana anaweza kumuuliza baba wa makamo, "Mzee, umepata choo?" na asiwe amemvunjia heshima. Kinyesi ni cha maabara. Haja kubwa ni nzuri, ila ni ndefu kwa mtu mwenye maumivu.

Baada ya kupunguziwa mfuko wa chakula, wengi hupata choo kigumu, na sababu zake zinaelezeka: mtu anakula kidogo, hawezi kunywa glasi nzima ya maji kwa mara moja, tena anameza vidonge vya kuongeza damu ambavyo hukausha choo na kukifanya cheusi. Vitabu vinasema uyabisi wa tumbo. Pwani yabisi lingali hai. Huku kwetu Bonde la Ufa linajulikana kupitia baridi yabisi tu, na mgonjwa anaweza kudhani anaulizwa habari za magoti. Kufunga choo ni bora, mradi maneno yote mawili yatamkwe. Kabla ya operesheni mgonjwa aliambiwa afunge, maana yake asile; baada yake akiulizwa kavu, "Umefunga?" atajibu swali jingine. Na weusi wa choo usiachwe bila maelezo: cheusi kwa sababu ya vidonge hakimtishi daktari, lakini cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya huenda ni damu, na hapo ni kukimbilia hospitali.

Upande wa pili, kamusi zina kuhara na kuharisha, nasi huku husema tumbo linaendesha. Mhudumu ajue yote, kisha aulize idadi: Shirika la Afya Duniani huita kuharisha pale choo chepesi kinapokuja mara tatu au zaidi kwa siku. Ila baada ya baipasi ya utumbo kuna mambo mawili yasiyopaswa kufichwa ndani ya kuendesha. Moja ni choo chenye mafuta, kinachoelea na kung'ang'ania bakuli, ishara kwamba mafuta ya chakula hayafyonzwi. La pili hutokea mtu akila vitu vitamu: chakula kinashuka upesi kwenye utumbo, moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamkata, na mara anatafuta msalani. Hali hii haina jina la Kiswahili lililozoeleka. Napendekeza mmiminiko, kutokana na kumiminika, kwa sababu ndivyo chakula kinavyofanya.

Historia imeshatufunza gharama ya kulipuuza suala la choo. Kuanzia miaka ya 1950 madaktari wa Marekani waliwafanyia watu baipasi ndefu iliyoruka karibu utumbo mwembamba wote. Uzito ulishuka kweli. Wagonjwa wakaharisha bila kikomo, wengine maini yakaharibika, wengine wakapata mawe kwenye figo, na operesheni ile ikaachwa.

Afrika Mashariki yetu imo ndani ya elimu hii ya utumbo na choo kuliko tunavyokumbuka. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alianza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda. Denis Burkitt wa Ireland alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago huko huko Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya choo: cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, na chakula kilipita mwilini mwao kwa muda mfupi zaidi. Trowell ndiye aliyelieneza jina la kile ambacho Tanzania huita nyuzinyuzi na vitabu vya sayansi huita ufumwele.

Nyuzinyuzi linafaa, ila lina upungufu: mtu huzitafuta nyuzi kwa macho ndani ya embe na nyama, asizione ndani ya unga. Kiswahili kina maneno kamili ya kile tunachokitupa: pumba, wishwa, kumvi, makapi. Nakuru ni nchi ya nafaka na ya viwanda vya kusaga. Unga mweupe hupelekwa mezani, pumba zikapelekwa kwa ng'ombe. Ukimwambia mtu wa Njoro kwamba utumbo wake unahitaji sehemu ya zile pumba, amekuelewa kabla hujamaliza. Githeri, managu, kunde na unga wa kusagwa bila kukobolewa ni maelezo bora kuliko gramu. Aliyetoka kwenye kisu asianze navyo wiki ya kwanza. Huanza na vya majimaji, na daktari wake ndiye anayepanga ngazi.

Wala nyuzinyuzi si kinga ya kila kitu. Madaktari wa upasuaji wa nyanda za juu wanaujua vizuri utumbo kujisokota, ugonjwa wa watu ambao wala hawajala chakula cha viwandani. Na baada ya baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye mwanya wa ndani na kunasa, hata miaka baadaye. Dalili zinafanana: maumivu makali, kutapika, hakuna choo, hakuna hewa. Hapa adabu yetu inatuponza. Nesi akiuliza, "Unatoa hewa?" mgonjwa huvuta pumzi na kuitoa. Aseme wazi: hewa ya chini. Hilo si tusi. Ni swali ambalo jibu lake linaweza kumrudisha mtu thieta kabla utumbo haujaoza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Basi nawaomba madaktari wanaofanya operesheni hizi waambatishe ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye karatasi za mgonjwa anayerudi nyumbani, wenye maneno haya: mfuko wa chakula, utumbo, choo kigumu, choo chenye mafuta, mmiminiko, hewa ya chini. Nawe msomaji, ndugu yako akijiandaa kwenda Nairobi kufanyiwa upasuaji huu, fuatana naye, na msitie sahihi kabla hamjaelezwa kwa Kiswahili choo chake kitakuwaje.