Amu: Urithi Uliopimwa na Urithi Uliotetewa

Ramani za kwanza za urithi wa Amu, yaani mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, zilichorwa na wasanifu majengo, na hilo laonekana hadi leo. Usam Ghaidan, ambaye utafiti wake juu ya mji huu ulichapishwa mwaka 1975, alizipima nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani chumba kwa chumba: daka la mlangoni, kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyoelekea uani), zidaka za ukutani, wikio linalovuka kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Kazi ile yastahiki heshima. Juu ya msingi huo mji ulitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauandikisha kuwa urithi wa dunia.

Lakini eneo lililoandikishwa halifiki hata hekta 16, na jiwe lilipewa uzito kuliko vyote. Langoni, upande wa kusini, nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Mpimaji wa kuta hakuwa na mengi ya kuchora huko. Na huko ndiko uliko msikiti wa Riyadha wa mwanachuoni Habib Swaleh, unaowavuta maelfu ya watu kila mwaka kwa Maulidi. Ngome ya mji nayo ina kisa chake. Ilikamilika mwaka 1821, kisha ikageuzwa gereza hadi mwaka 1984. Sijui ni mzee gani angeitaja miongoni mwa fahari za mji wakati ndugu yake amefungwa mle ndani! Ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikawekwa maktaba na ukumbi wa shughuli za watu, ndipo wenyeji wakaanza kuingia kwa hiari yao.

Wenyeji walikuwa na hesabu yao. Wao wangeanza na matuta ya mchanga ya Shela, kwa kuwa chini yake ndiko yaliko maji matamu yanayokinywesha kisiwa. Wangetaja mikoko, mikondo ya bahari, sehemu za kuvulia ambazo baba humwonyesha mwanawe. Mradi wa bandari kubwa ya LAPSSET, uliozinduliwa mwaka 2012 katika ghuba ya Manda, ndio uliowalazimu kuyaweka hayo kwenye karatasi. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, uliandaa waraka wa jamii unaoeleza mali ya asili na mila zinazoitunza. Wavuvi nao walikwenda mahakamani.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018 ni miongoni mwa nyaraka muhimu zaidi katika historia ya uhifadhi nchini Kenya. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mahakama ikakubali kwamba haki yao ya utamaduni imevunjwa, si riziki peke yake. Yaani uvuvi wa asili wa Amu uliingia katika urithi kwa ushahidi wa wavuvi wenyewe. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Baraza la Taifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi; sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna kibao cha makumbusho kilichowahi kuulinda mji huu kwa nguvu kiasi hicho.

Hata hivyo somo hilo halikufika kila ofisi. Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote, mikoko ikiwemo. Amu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wakataji wake wamerithi kazi hiyo kwa vizazi. Boriti zinazobeba dari za Mkomani ni za mkoko, na hata upana wa vyumba vile, vyembamba na virefu, ulifuata urefu wa boriti. Basi amri moja, ya uhifadhi wa mji, ikataka nyumba itengenezwe kwa vifaa vya asili, nyingine ikafunga msitu vitokako vifaa hivyo. Wakataji wangeulizwa, wangeeleza ni mti wa unene gani hukatwa, wapi, na msitu huachwa upumzike muda gani. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, baada ya wakataji kulalamika kwa muda mrefu, lakini hadi leo si wengi wanaokumbuka kuwaita mafundi hao kwenye kikao cha uhifadhi wa mji.