Bei ya Kahawa na Riziki ya Uganda
Mnamo Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, na kahawa ikawa adimu duniani. Kufikia 1977 bei ilikuwa imepanda mno. Lakini mkulima wa Uganda alilipwa bei iliyowekwa na serikali, na magunia mengi yakavushwa kwa magendo hadi Kenya. Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana mauzo yalivunjika, na katika miezi michache bei ikashuka kwa karibu nusu. Mkulima alipokosa fedha, mwenye duka naye alikosa wanunuzi.

Kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, chawafunza Waislamu kuweka akiba wakati wa neema. Mfanyabiashara hana amri juu ya bei ya dunia. Juu ya akiba yake anayo.