Wazee Waliofika Uhuru

Kolandoto, huku Shinyanga, ni nchi tambarare. Ukiondoa mawe makubwa ya Usukuma, hakuna cha kupanda, na mzee wa huku akisikia habari za Kilimanjaro huona ni mambo ya vijana na wageni wenye fedha. Historia ya mlima ule inasema vingine, tena tangu siku ya kwanza.

Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliposimama juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40 siku hiyohiyo. Chini, kambini, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani. Jina lake linastahili kutajwa kila wanapotajwa hao wawili.

Watu wa Marangu, chini ya mlima, wao humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Mwaka 1989, karne moja ilipotimia, alienziwa kwa heshima kubwa, akafariki 1996. Ukoo wake huhesabu kwamba alizaliwa 1871. Wapo wanaoibishia hesabu hiyo, lakini hata ukimpunguzia miaka kumi, bado unabaki na mzee aliyepita mia.

Wageni nao wakaja na mvi zao. Oktoba 2015 Angela Vorobeva wa Urusi, aliyenusurika mji wa Leningrad ulipozingirwa katika Vita Kuu ya Pili, alifika kilele cha Uhuru akiwa na miaka 86. Mwaka huohuo Mmarekani Anne Lorimor alikuwa amefika akiwa na 85. Rekodi yake ya umri ilipovunjwa alirudi, na Julai 2019 akasimama tena Uhuru akiwa na miaka 89.

Wanawezaje? Kwenye mita 5,895 kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni tunayoipata pwani. Umri peke yake hauleti ugonjwa wa mwinuko. Chanzo kikubwa ni kupanda haraka kabla mwili haujazoea. Ndiyo maana waongozaji husisitiza pole pole, na mwendo huo mzee anao tayari. Cha kuogopa ni moyo na mapafu yenye maradhi, na hayo hupimwa kabla ya safari.

Kila Desemba, kuelekea sikukuu ya Uhuru, makundi ya Watanzania hupanda mlima huo, na kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Natamani wazee wa Shinyanga wawemo. Mtu anayelima kwa jembe akiwa na miaka sabini ana miguu tayari. Apimwe presha na moyo pale Hospitali ya Kolandoto, kisha achague njia yenye siku nyingi mlimani.